Batian na Nelion: Historia ya Waliofungana Kamba Mlima Kenya

Mlima Kenya una vilele vingi, lakini viwili ndivyo vinavyoutawala: Batian, chenye urefu wa mita 5,199, na Nelion, chenye mita 5,188. Vimesimama bega kwa bega, na kati yake kuna pengo jembamba linaloitwa Lango la Ukungu. Kilele cha tatu, Lenana, chenye mita 4,985, hufikiwa kwa kutembea na mtu yeyote mwenye afya, pumzi na subira ya kuzoea hewa nyepesi. Batian na Nelion havina njia ya kutembea. Kila upande ni ukuta wa mwamba au korongo la barafu, na anayetaka kufika juu hana budi kupanda kwa mikono na miguu, akiwa amefungwa kamba na mwenzake.

Sababu imo katika asili ya mlima wenyewe. Mlima Kenya ni volkano iliyozimika mamilioni ya miaka iliyopita. Kingo za kreta yake zimeliwa na barafu na mvua zikaisha, na kilichobaki juu ni kizibo cha mwamba mgumu kilichogandia kooni mwa volkano. Kizibo hicho ndicho Batian na Nelion. Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, bado kina umbo lake la volkano, miteremko yake ikapanda polepole mpaka kileleni, na kwa hiyo mlima ulio mrefu zaidi Afrika hupandwa na maelfu ya watu ambao hawajawahi kushika kamba. Mlima wa pili kwa urefu hauna huruma hiyo.

Jambo jingine la pekee ni mahali ulipo. Batian iko kilomita zipatazo 16 tu kusini mwa Ikweta, hivyo jua huupa kila upande zamu yake. Kuanzia Desemba hadi Machi jua huwa upande wa kusini: miamba ya kusini hukauka huku kaskazini kukishikwa na baridi na theluji. Kuanzia Juni hadi Oktoba mambo hugeuka, kaskazini kukawa kukavu na makorongo ya kusini yakajaa barafu ngumu. Siku moja, katika mlima mmoja, upande mmoja huwa kiangazi na wa pili kipupwe. Waliofika bila kulijua hilo walilipia kwa kurudi mikono mitupu.

Namna ya kupanda ni hii. Wawili hufungwa ncha mbili za kamba moja. Mmoja hutangulia, mwenzake akisimama mahali imara na kuiachia kamba kidogo kidogo. Aliyetangulia akipata kituo, hujifunga kwenye mwamba na kuivuta kamba huku wa pili akipanda. Njia ya kawaida ya Nelion huhitaji kurudia zoezi hilo karibu mara 20, na kuteremka huchukua muda karibu sawa na kupanda. Akiteleza mmoja, uhai wake uko mikononi mwa mwingine. Ndiyo maana historia ya vilele hivi, tofauti na historia ya safari nyingi za Kizungu barani Afrika, husimuliwa kwa majina mawili mawili.

Kwa watu walioishi chini yake, mlima ulikuwa na maana kubwa kabla mgeni yeyote hajaufikiria kama kitu cha kupandwa. Wakikuyu waliuita Kirinyaga, makao ya Ngai duniani, na walikuwa wakijenga nyumba zao milango ikiuelekea. Waembu na Wameru nao waliuheshimu vivyo hivyo. Misitu yake ilitumiwa kwa asali, dawa na uwindaji, na wazee walipanda kwa ajili ya sala.

Kwa dunia ya nje, habari za mlima zilitoka kinywani mwa mfanyabiashara Mkamba. Kivoi wa Mwendwa, aliyekuwa akiongoza misafara ya pembe za ndovu kati ya Ukambani na pwani, ndiye aliyemweleza mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf kwamba mbele yao uko mlima mkubwa wenye kitu cheupe juu. Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui, Krapf aliuona kwa macho yake. Mwaka mmoja na nusu kabla, mwenzake Johannes Rebmann alikuwa ameiona Kilimanjaro. Taarifa zao zilipofika London zilidharauliwa. William Desborough Cooley, mwanajiografia aliyeandika mengi kuhusu Afrika, hakukubali kwamba theluji inaweza kukaa karibu na Ikweta.

Miaka 34 ilipita kabla ya Mskoti Joseph Thomson kuuona mlima kutoka Laikipia na kuthibitisha maneno ya Krapf. Mwaka 1887 Samuel Teleki, kabaila kutoka Hungaria, aliyeanza safari pwani akiwa na msafara mkubwa wa wapagazi Waswahili, alipanda upande wa kusini-magharibi hadi mita 4,350 hivi, juu ya msitu na mianzi. Bonde kuu la upande huo lina jina lake hadi leo. Mwaka 1893 mwanajiolojia John Walter Gregory alifika kwenye mto wa barafu wa Lewis na kukaa hapo kwa saa kadhaa akiwa na kiongozi wake. Hao wote waliishia chini ya miamba.

Aliyekuja kwa nia ya kufika juu kabisa ni Halford Mackinder, mwalimu wa jiografia wa Oxford. Kilimanjaro ilikuwa imeshapandwa tangu 1889 na Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, na Mackinder alitaka kuonyesha kwamba mwanajiografia anaweza kuwa mtafiti na mvumbuzi kwa pamoja. Kilichomwezesha ni reli. Mwaka 1899 reli ya Uganda ilifika Nairobi, na safari iliyokuwa ya miezi kutoka Mombasa ikawa ya siku chache. Tarehe 28 Julai msafara uliondoka Nairobi: Wazungu 6, Waswahili 66, Wamaasai 2 wa kuongoza njia, na Wakikuyu 96. Jumla yao watu 170, kwa ajili ya watu watatu watakaosimama kileleni.

Walipita katika nchi iliyokuwa msibani. Njaa kubwa na maradhi vilikuwa vimewaangamiza Wakikuyu wengi, na msafara uliotegemea kununua chakula njiani haukukipata. Baadhi ya wapagazi waliiba vijijini, wengine walitoroka, na wenyeji wakawachukia. Kambi ya chini ilipopigwa tarehe 18 Agosti, chakula hakikuwepo. Wawili wa msafara waliuawa na watu wa eneo hilo, na Mackinder akalazimika kumtuma mmoja wa wenzake hadi Naivasha kuomba msaada kwa ofisa wa serikali. Masimulizi ya kupandwa kwa Batian huyapita haya haraka, lakini ndiyo gharama halisi ya kilele kile, na aliyeilipa hakuwa Mackinder.

Mlimani, kazi ilikuwa ya Waitaliano wawili. César Ollier na Joseph Brocherel walikuwa viongozi wa wapanda milima kutoka Courmayeur, mji ulio chini ya Mont Blanc, na walikuja kulipwa kwa ujuzi wao. Tarehe 30 Agosti walimpandisha Mackinder ukuta wa kusini-mashariki wa Nelion hadi kama mita 100 chini ya kilele, giza likawakuta, wakarudi. Siku chache baadaye wakazunguka vilele vyote na Campbell Hausburg, mpigapicha wa msafara, wakitafuta njia nyepesi; haikuwepo. Walijaribu tena bila Mackinder wakafukuzwa na dhoruba ya theluji.

Msaada ulipofika kutoka Naivasha, watatu hao walipanda kwa mara ya mwisho. Walivuka mto wa barafu wa Lewis, wakapanda mwamba mchana kutwa, wakalala ukutani kwa baridi kali, na alfajiri wakageukia kushoto kuelekea Batian. Hapo palikuwa na uga mdogo wa barafu uliong'ang'ania kati ya vilele viwili. Barafu yake ilikuwa ngumu kiasi kwamba Ollier alilazimika kuchonga kila ngazi kwa mapigo mengi ya sururu, na sehemu waliyodhani wangeivuka kwa dakika chache ikawachukua saa nyingi. Uga huo wakauita Almasi, kwa ugumu wake. Saa sita mchana, tarehe 13 Septemba 1899, walisimama juu ya Batian.

Majina ya vilele aliyatoa Mackinder, akiyachukua kwa Wamaasai. Mbatian alikuwa oloiboni mkuu, yaani kiongozi wao wa kiroho, aliyefariki karibu muongo mmoja kabla. Nelion limetokana na jina la ndugu yake. Lenana na Sendeyo walikuwa wanawe waliogombea urithi wa baba. Mlimani, Lenana amewekwa karibu na vilele vikuu na Sendeyo mbali kidogo upande wa kaskazini.

Kwa miaka 29 hakuna aliyerudia. Watu walipanda Lenana, wamisionari wa Kiskoti na wakazi wa Nairobi walilala mabondeni na kuchora ramani, lakini Batian ilibaki na alama za watu watatu tu, na Nelion haikuwa na za mtu hata mmoja. Kilichobadilisha mambo ni kuja kwa kizazi kilichopanda kwa urafiki.

Eric Shipton alifika Kenya mwaka 1928 akiwa na umri wa miaka 21 kujifunza kilimo cha kahawa. Percy Wyn-Harris, mkubwa wake kwa miaka minne, alikuwa ofisa mdogo wa serikali ya kikoloni. Wote wawili walikuwa wamepanda milima Ulaya, na wote waliitazama Batian kwa jicho lile lile. Mwanzoni mwa 1929 walikwenda pamoja, wakamchukua na rafiki yao Gustav Sommerfelt. Walijaribu kwanza upande wa kaskazini, ambao mwezi wa Januari umefunikwa na baridi, wakashindwa. Wakahamia kusini-mashariki, kwenye ukuta ule ule wa Mackinder.

Tarehe 6 Januari, Shipton na Wyn-Harris walipanda wawili peke yao. Juu ukutani walikuta kipande cha kamba kuukuu kilichoachwa na msafara wa 1899. Kutoka hapo hawakumfuata Mackinder kuelekea barafu ya Almasi. Waliendelea moja kwa moja juu, ufa kwa ufa, mpaka wakatokea kwenye kilele ambacho hakuna binadamu anayejulikana aliyekuwa amekikanyaga. Ndiyo Nelion. Kisha wakateremka Lango la Ukungu na kupanda Batian kwa upande wa pili. Kwa siku moja walikuwa wamefika vilele vyote viwili na kuifungua njia ambayo hadi leo ndiyo inayotumiwa na wengi.

Siku mbili baadaye walipanda tena, safari hii wakiwa watatu. Sommerfelt alikuwa amebaki chini, na kwa akili ya kawaida hapakuwa na sababu ya kuurudia ukuta ule kwa ajili yake. Walirudi, wakamfunga kamba katikati yao, na tarehe 8 Januari wakamfikisha Batian. Katika masimulizi yote ya mlima huu hakuna kitendo kinachoeleza vizuri zaidi tofauti kati ya msafara na kundi la marafiki. Mackinder aliacha watu 160 na zaidi chini akaondoka na jina. Hawa waliona kilele hakijakamilika mpaka mwenzao naye akifike.

Habari za kupanda huko zilimfikia mkulima mwingine wa kizungu, H. W. Tilman, aliyemwandikia Shipton barua ya kuomba ushauri. Barua ile ilizaa urafiki mashuhuri katika historia ya milima. Kwanza walikwenda pamoja Kilimanjaro. Kisha mwishoni mwa Julai 1930, wakati jua liko kaskazini, walikwenda Mlima Kenya na kuukabili mgongo wa magharibi wa Batian, mrefu, wenye meno ya mwamba na theluji laini. Waliupanda hadi kileleni, wakavuka Lango la Ukungu, na kuteremka njia ya Nelion upande wa pili, usiku ukiwakuta njiani. Ilikuwa mara ya kwanza vilele kuvukwa kutoka upande mmoja hadi mwingine. Safari hiyo hiyo walipanda pia vilele vidogo kadhaa ambavyo havikuwa vimepandwa, kikiwemo Point Pigott.

Umuhimu wa safari hizo ulivuka mipaka ya Kenya. Mlimani hapo Shipton na Tilman walijifunza kwamba wawili wanaoelewana, wenye mzigo mdogo na chakula kidogo, wanaweza kufanya mambo ambayo misafara ya mamia ya watu haiwezi. Mwaka 1934 walichukua fikra hiyo hadi Himalaya. Wakiwa na Masherpa watatu tu, walipenya korongo la mto Rishi na kuingia bonde lililozunguka Nanda Devi, mahali ambapo wengi kabla yao walikuwa wameshindwa kufika. Miaka miwili baadaye Tilman alisimama kwenye kilele cha Nanda Devi. Wyn-Harris naye alifika juu sana kwenye Everest mwaka 1933, na njiani ndiye aliyeikuta sururu ya barafu iliyoachwa na msafara wa 1924, ambao Mallory na Irvine walipotelea humo.

Tukirudi Kenya, mwaka ule ule Nelion ilipopandwa, 1929, ndipo kilipoundwa Mountain Club of East Africa, chama kilichowaunganisha wapanda milima wa Kenya na Tanganyika. Vibanda vilianza kujengwa, njia za farasi zikakatwa, na kupanda kukawa jambo la kawaida kidogo. Mwaka 1938 ulileta mambo mawili makubwa. Mwezi Februari, katika msafara wa Noel Symington, mwanamke aliyeitwa Bi. C. Carroll na Mwafrika aliyeandikwa kwa jina la Mtu Muthara walifika Nelion: mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza. Tarehe 5 Machi Una Cameron akawa mwanamke wa kwanza kufika Batian. Cameron ana nafasi yake katika vitabu. Muthara amebakiwa na mstari mmoja tu, naye alikuwa amepanda ukuta ule ule.

Vita Kuu ya Pili ilileta tukio ambalo pengine ndilo linalojulikana zaidi kuliko yote. Nanyuki, chini ya mlima upande wa kaskazini-magharibi, Waingereza walikuwa na kambi ya mateka wa vita Waitaliano. Felice Benuzzi, aliyekuwa ofisa wa serikali ya Italia nchini Ethiopia, alikamatwa 1941 na hatimaye akaletwa huko. Siku moja mawingu yalipofunguka aliuona mlima juu ya seng'enge, na kuanzia hapo hakuwaza kitu kingine. Kutoroka ili kurudi Italia hakukuwezekana, kwa sababu nchi ya karibu isiyo vitani ilikuwa mbali mno. Benuzzi aliamua kutoroka ili kupanda, kisha arudi kambini mwenyewe.

Aliwapata wenzake wawili, daktari Giovanni Balletto, aliyekuwa mpandaji, na Vincenzo Barsotti, ambaye hakuwahi kupanda chochote. Maandalizi yalichukua miezi. Nyundo mbili ziligeuzwa sururu za barafu. Meno ya chuma ya kufungwa chini ya viatu, yasiyoachwa na mtu anayetembea juu ya barafu, yalitengenezwa kwa vyuma vya gari bovu na vipande vya seng'enge. Kamba zilisokotwa kutokana na katani ya vitanda, kamba ambazo mpandaji yeyote wa Ulaya angezikataa kwa kuzitazama tu. Mavazi ya baridi yalishonwa kwa mablanketi. Chakula kiliwekwa akiba kidogo kidogo kutoka kwenye posho. Hawakuwa na ramani; walichokuwa nacho ni picha ya mlima iliyochapishwa kwenye karatasi ya mkebe wa nyama. Ufunguo wa lango Benuzzi aliupata kwa dakika chache, akaukandamiza kwenye lami, na kwa alama hiyo ukachongwa mwingine.

Tarehe 24 Januari 1943 walitoka. Walifuata mto Nanyuki kupitia msitu wa tembo na vifaru, bila bunduki, wakilala mchana mwanzoni ili wasionekane. Barsotti aliugua njiani, ikabidi abaki kwenye hema lao chini ya vilele. Benuzzi na Balletto waliijaribu Batian kwa upande wa kaskazini-magharibi, upande ambao katika msimu ule ndio wenye baridi mbaya kuliko yote. Hawakuwa na mtu wa kuwaambia. Theluji iliwarudisha. Tarehe 6 Februari walipanda Lenana, wakasimika bendera ya Italia, wakaacha chupa yenye majina yao. Kisha, wakiwa hoi kwa njaa, waliteremka msitu wote na kujirudisha kambini, siku 18 baada ya kutoka. Walihukumiwa siku 28 za kufungiwa peke yao. Mkuu wa kambi aliyaona mambo kwa jicho la mwanamichezo akapunguza zikawa 7. Benuzzi aliandika kitabu kuhusu safari hiyo, kilichochapishwa Italia mwaka 1947 na kwa Kiingereza mwaka 1952, na watu wengi wamekuja Mlima Kenya kwa sababu ya kukisoma.

Njia nzuri ya kaskazini, ambayo Waitaliano wale waliikosa, ilipatikana mwaka uliofuata. Mwezi wa Julai 1944, Arthur Firmin, mpigapicha wa Nairobi, na Peter Hicks walipanda uso wa kaskazini wa Batian kwenye mwamba mkavu. Njia yao sasa ndiyo ya kawaida kwa anayepanda kati ya Juni na Oktoba. Baada ya vita, mwaka 1949, Mountain Club of Kenya ikajitegemea, na mwaka huo huo sehemu ya juu ya mlima ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Halafu vita vingine vikaingia. Miaka ya Mau Mau misitu ya Mlima Kenya ilikuwa ngome ya wapiganaji wa Waruhiu Itote, aliyejulikana kama Jenerali China, na wapanda milima waliondoka.

Walipoanza kurudi, Wakenya walikuwa miongoni mwao. Mwaka 1959 Kisoi Munyao akawa Mwafrika wa kwanza kufika Batian. Serikali ilipotaka bendera ya Kenya ipandishwe juu ya mlima usiku wa uhuru, Desemba 1963, ni yeye aliyepewa kazi hiyo. Alifariki 2007, na vizazi viwili vya wanafunzi wamekua wakilijua jina lake.

Miaka ya 1970 ilianza kwa kazi ya mikono. Ian Howell, mpandaji wa Nairobi, alitaka pawepo mahali pa kulala juu ya Nelion, ili watu wasife kwa baridi wanapokutwa na giza. Vifaa vya kibanda viliangushwa kutoka angani juu ya mto wa barafu wa Lewis. Kutoka hapo Howell alivibeba mgongoni, akiwa peke yake, akaipanda Nelion mara 13 mpaka kibanda kikasimama. Kinaitwa kwa jina lake, na kimeokoa watu ambao hawakumwona kamwe.

Septemba mwaka huo huo wa 1970, madaktari wawili vijana kutoka Innsbruck, Austria, Gert Judmaier na Oswald Oelz, walifika Batian. Walipoanza kuteremka, jiwe alilolishika Judmaier liling'oka. Alianguka, mguu ukavunjika na mfupa ukatokeza nje ya ngozi. Oelz aliuzuia mwili wa rafiki yake kwa kamba, akamfunga kidonda, akamlaza kwenye ukingo wa mwamba, na kuteremka peke yake kutafuta msaada. Kenya haikuwa na kikosi cha uokoaji cha kazi hiyo. Waliopanda ni wanachama wa Mountain Club of Kenya, watu wa ofisini na mashuleni walioacha kazi zao, wakabeba dawa, maji na kamba hadi zaidi ya mita 5,000. Rubani Mmarekani Jim Hastings aliyejaribu kupeleka vifaa kwa helikopta alianguka na kufa. Baba yake Judmaier, ambaye pia alikuwa daktari, aliwaleta waokoaji wenye uzoefu kutoka milima ya Tirol. Ilichukua zaidi ya wiki moja kumteremsha majeruhi, muda ambao kwa hesabu za kitabibu alipaswa kuwa amekufa. Aliishi. Oelz, ambaye hakumtelekeza, alifika kilele cha Everest mwaka 1978.

Mambo mawili yalitokana na tukio hilo. Serikali ya Austria ilitoa fedha kujenga kibanda kikubwa kando ya mto wa barafu wa Lewis, karibu mita 4,790 juu ya bahari. Austrian Hut hulaza hadi leo wanaojiandaa kupanda Nelion au Lenana. Na hifadhi ikaunda kikosi chake cha uokoaji. Askari wa hifadhi, wengi wao vijana wa Kikuyu na Meru waliokulia chini ya mlima, walifundishwa kamba, barafu na namna ya kubeba majeruhi ukutani. Wakawa wapandaji hodari kwa haki yao.

Ushahidi ulikuja haraka. Upande wa kusini, chini ya barafu ya Almasi, kulikuwa na korongo la barafu lililosimama wima, lililotazamwa kwa miaka na kuogopwa. Oktoba 1973 Phil Snyder, mhifadhi wa hifadhi, na Thumbi Mathenge, askari wake, walilipanda kwa mara ya kwanza. Njia hiyo ikawa mojawapo ya njia za barafu zinazotamaniwa zaidi duniani. Mwaka 1975 Wamarekani Yvon Chouinard na Mike Covington wakaongeza sehemu ya juu iliyokwenda moja kwa moja. Jina la Mathenge linastahili kutajwa kila linapotajwa la Chouinard, kwani alitangulia kwa miaka miwili, na kwa kamba moja na mtu aliyekuwa mkubwa wake kazini.

Howell hakuwa wa pekee kuivunja kanuni ya wawili. Mwaka 1978 Ephraim M'Ikiara, Mmeru aliyepanda kwa imani yake ya dini, alifika Nelion peke yake, bila viatu. Kufikia mwisho wa muongo huo njia zote kubwa za vilele zilikuwa zimepandwa.

Kinachobadilika sasa ni mlima wenyewe. Wakati wa Mackinder kulikuwa na mito ya barafu 18. Mwaka 1986 ilihesabiwa 11, na mingine imetoweka tangu hapo. Lewis, mkubwa kuliko yote na uliopimwa kwa makini zaidi, ulipoteza asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Kupungua huko kunatokana na hewa inayozidi kuwa kavu na joto linalopanda, na kumegeuza kazi ya mpandaji. Korongo la Snyder na Mathenge halikamiliki tena miaka mingi, na likikamilika barafu yake ni nyembamba. Barafu iliyowagharimu Ollier na Brocherel saa nyingi za kuchonga imebaki kipande. Lango la Ukungu, lililovukwa zamani kwa sururu, mara nyingi huvukwa sasa juu ya mawe yaliyolegea, na mawe ambayo barafu iliyashikilia kwa karne nyingi huanguka jua likichomoza. Viongozi wa Naro Moru na Chogoria, chini ya mlima, ambao leo ndio wanaowafunga kamba wageni wengi, huanza kupanda kabla ya mapambazuko kwa sababu hiyo, na wameihamishia nguvu yao kwenye mwamba: Nelion kuanzia Desemba hadi Machi, na njia ya Firmin na Hicks kuanzia Juni hadi Oktoba.